Mchawi, Mganga au Msihiri? Uteuzi wa Majina ya Wahusika wa Fantasia katika Kiswahili cha Dar es Salaam

Ikisiri

Makala hii inafafanua tatizo linalomkabili mfasiri na mtunzi wa Kiswahili anapotaka kuwataja wahusika wawili mashuhuri wa fantasia ya kisasa: mzee mwenye fimbo na elimu ya siri, na mpiganaji ambaye maisha yake yamefungamana na joka. Hoja kuu ni kwamba neno mchawi, ambalo huwa la kwanza kuja ulimini, halifai kumtaja mhusika wa kwanza, kwa kuwa katika jamii ya Watanzania neno hilo si jina la kazi bali ni shutuma. Mifano imetolewa katika ngano za Zanzibar, tenzi, bunilizi andishi, sheria za nchi na matumizi ya lugha katika mitaa ya Kinondoni na Temeke. Makala inapendekeza kwamba jina la mhusika liteuliwe kwa kuzingatia chanzo cha nguvu zake, nia yake na nafasi yake katika jamii, na si kwa kuangalia tafsiri ya neno moja kwa neno moja.

Maneno muhimu: fantasia, mchawi, mganga, joka, farisi, tafsiri

1. Utangulizi

Katika mitaa ya Dar es Salaam iliyo mbali na katikati ya jiji, kama vile Mwananyamala na Tandale upande wa Kinondoni, au Tandika na Mbagala upande wa Temeke, fantasia ya kigeni huwafikia vijana kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni vibanda vya video, ambavyo wenyeji huviita vibanda umiza, ambamo filamu na tamthilia huoneshwa kwa kiingilio kidogo. Ya pili ni vibanda vya gemu, ambamo mchezaji hulipia muda anaokaa mbele ya kioo. Ya tatu ni simu ya mkononi. Katika njia zote hizi, kazi inayotazamwa au kuchezwa mara nyingi imetungwa kwa lugha ya kigeni, lakini mazungumzo yanayoizunguka huwa ya Kiswahili. Anayecheza, anayesubiri zamu na anayesimama mlangoni bila kulipa, wote hulazimika kumpa jina kila kiumbe kinachotokea kiooni.

Kazi hiyo ya kutoa majina si ndogo. Dar es Salaam ina historia ya wasimulizi wa filamu ambao huifafanua filamu ya kigeni kwa Kiswahili wakati inapooneshwa, na baadaye kurekodi sauti zao juu ya kanda. Aliyejulikana zaidi miongoni mwao ni marehemu Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Msimulizi wa namna hii hana muda wa kufungua kamusi. Mhusika anapoinua fimbo na moto kutoka kwenye ncha yake, neno lazima litamkwe papo hapo. Neno linalotamkwa likikaa katika masikio ya watazamaji, huwa ndilo neno la mtaa mzima.

Makala hii inajiuliza swali moja: je, Kiswahili kinapomwita mhusika huyo mchawi, kinasema kile kilichokusudiwa na kazi asilia? Jibu linalotetewa hapa ni hapana. Aidha, inaoneshwa kwamba lugha yenyewe ina akiba ya kutosha ya maneno ya kuziba pengo hilo, na kwamba akiba hiyo imo katika fasihi ya Kiswahili tangu kale.

2. Wahusika wanaozungumziwa

Kabla ya kujadili majina, ni vyema kuwaeleza wahusika wenyewe. Fantasia ya kisasa ya Magharibi ilipata sura yake inayojulikana leo kupitia kazi za J. R. R. Tolkien, hususani The Hobbit ya mwaka 1937 na The Lord of the Rings iliyotoka kati ya mwaka 1954 na 1955. Katika kazi hizo yumo Gandalf, mzee mwenye ndevu, kofia na fimbo, ambaye kazi yake kubwa si kurusha moto bali kutoa shauri. Mwaka 1968 Ursula K. Le Guin alichapisha A Wizard of Earthsea, riwaya inayosimulia habari za kijana wa visiwani anayekwenda kujifunza elimu ya majina ya kweli ya vitu; anayelijua jina la kweli la kitu hukitawala. Katika kazi zote mbili wamo pia majoka wenye akili na uwezo wa kusema.

Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa Dungeons & Dragons nchini Marekani, ambao uligeuza wahusika hawa kuwa madaraja ambayo mchezaji anaweza kujichagulia. Toleo la kwanza lilikuwa na madaraja matatu: mpiganaji, mtumia sihiri na kasisi. Kutokana na mchezo huo ulitokea ukoo mrefu wa michezo ya kompyuta. Humo ndimo alimozaliwa mhusika wa pili anayejadiliwa hapa, yaani mpiganaji wa joka. Katika Dota 2, mchezo uliotolewa rasmi mwaka 2013, mhusika huyo hugeuka kuwa joka lenyewe. Katika The Elder Scrolls Online ya mwaka 2014, yeye ni daraja la wapiganaji wanaotumia moto. Kwingineko yeye ni mpanda joka, na katika masimulizi ya kale ya Ulaya ni muuaji wa joka.

Tunaona kwamba mhusika wa kwanza ni mtu wa elimu, na wa pili ni mtu wa silaha. Neno la Kiingereza wizard lenyewe limetokana na neno lenye maana ya hekima. Asili hiyo ni muhimu kwa hoja inayofuata.

3. Mchawi ni shutuma, si kazi

Katika Kiswahili, mchawi ni mtu anayewadhuru wenzake kwa siri kwa kutumia nguvu zisizoonekana. Madhara yamo ndani ya maana ya neno, si nyongeza. Hakuna mchawi mwema, kama vile hakuna mwizi mwaminifu. Vivyo hivyo kwa visawe vyake: mlozi, mwenye kuloga, na mwanga, anayetembea usiku. Kitenzi loga kina ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu, kama murogi wa Kikikuyu na omulogo wa Kiganda, na kote huko maana ya kudhuru haiondoki.

Sifa ya pili ya neno hili ni kwamba halitumiki na mtu kujitambulisha. Mtu husema yeye ni fundi, mvuvi, mwalimu au mganga. Uchawi husemwa juu ya mtu mwingine, tena mara nyingi asipokuwapo. Ndiyo maana tunasema kwamba mchawi si jina la kazi bali ni shutuma.

Shutuma hiyo ina matokeo. Nchini Tanzania, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kama Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa kuwa ni wachawi, wakati mwingine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kutokana na moshi wa jikoni. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimeyaeleza mauaji haya kwa miaka mingi. Sheria nayo inalichukulia jambo hili kwa uzito wake. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ambayo asili yake ni mwaka 1928, inafanya kuwa kosa mtu kujidai kwamba ana nguvu za uchawi. Kwa hiyo, mtoto wa Tandika anapochagua mhusika na kutamka kwa furaha kwamba yeye ni mchawi, ametamka sentensi ambayo mtu mzima wa mtaa huohuo hawezi kuitamka hata kwa mzaha.

Inaweza kupingwa kwamba maneno hubadilika na kwamba michezo inaweza kulisafisha neno hili. Hoja hiyo ina uzito kwa lugha ambazo jamii zake ziliacha kuwaua watu kwa shutuma za uchawi karne kadhaa zilizopita. Huko neno limebaki vitabuni, na limepoa. Katika Kiswahili neno bado lina moto. Mfasiri hawezi kulishika kama kwamba limepoa.

4. Mganga na kosa la kuchanganya

Neno mganga lina mzizi mwingine na historia nyingine. Mzizi wake, wenye maana ya kutibu, umeenea kutoka nganga ya Kikongo hadi n'anga ya Kishona. Mganga hujitambulisha kwa kazi yake, hufundishwa na mganga aliyemtangulia, ana vifaa vyake kama kibuyu, usinga na hirizi, na hulipwa kwa huduma. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtambua na kuweka baraza la kusimamia taaluma yake. Hivyo basi, nchi ina sheria moja inayokataza uchawi na nyingine inayoratibu uganga. Lugha na sheria zinakubaliana kwamba hawa ni watu wawili.

Wakoloni hawakulitambua jambo hili. Neno la Kijerumani Zauberer lilitumika kwa yeyote aliyehusishwa na nguvu zisizoonekana, awe anaponya au anadhuru, na Waingereza waliokuja baadaye walikuwa na neno lao lililounganisha mchawi na tabibu katika jina moja. Athari za mchanganyo huo zinaonekana katika habari za Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe. Kwa wafuasi wake alikuwa mganga aliyetoa maji ya kuwakinga watu. Kwa utawala wa Kijerumani alikuwa mlaghai na mchochezi, na alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, mwanzoni mwa Vita vya Majimaji. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, alimrudishia mhusika huyo uzito wa kiongozi anayepambana na maana ya neno alilolitoa mwenyewe. Tamthilia hiyo ni ushahidi kwamba fasihi ya Kiswahili inaweza kumchora mtu wa nguvu za ajabu bila kumfanya mchawi.

Hata hivyo, neno mganga nalo lina mipaka yake. Katika mitaa ya jiji limechafuliwa na wapiga ramli chonganishi, yaani wale wanaomtajia mteja jirani au ndugu kuwa ndiye chanzo cha masaibu yake. Mwezi Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kutokana na mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino. Mfasiri anayemwita Gandalf mganga ajue kwamba baadhi ya wasomaji wataliona bango la njiani kabla ya kumwona mzee mwenye fimbo. Pamoja na hayo, kwa mhusika aliyefunzwa, mwenye miiko na anayetumia elimu yake kwa faida ya wengine, mganga linabaki kuwa karibu zaidi kuliko mchawi.

5. Ungo na ufagio: kutoka ajabu hadi ushuhuda

Tatizo la mchawi si la maadili tu. Ni la utanzu pia. Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi ya fantasia, alieleza kwamba msomaji anapokutana na tukio lisilo la kawaida husita: je, lina maelezo ya kawaida, au ulimwengu huu una kanuni nyingine? Katika kazi za ajabu tupu msomaji hasiti. Anajua tangu mwanzo kwamba ameingia nchi nyingine yenye kanuni zake.

Mchezo wa majoka ni wa ajabu tupu. Hakuna kijana wa Mbagala anayeamini kwamba kiumbe anachopigana nacho kiooni kinaishi Rufiji. Filamu za kutisha za Kitanzania zilizotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, ziko mahali pengine. Zinatokea katika nyumba na mitaa inayofahamika, na mtazamaji husita kwa maana ileile ya Todorov. Hadithi za wachawi katika magazeti ya udaku nazo hudai kuwa habari.

Mfano mzuri ni chombo cha kurukia. Katika masimulizi ya Ulaya mchawi huruka kwa ufagio. Katika masimulizi ya Tanzania huruka kwa ungo. Mfasiri anayependa kukaribisha maudhui nyumbani anaweza kuvutiwa kuugeuza ufagio kuwa ungo. Akifanya hivyo, atakuwa ameihamisha hadithi kutoka ajabu hadi ushuhuda. Ufagio unaoruka ni kichekesho. Ungo unaoruka ni taarifa ambayo mtu wa jirani amewahi kushutumiwa kwayo. Neno mchawi hufanya kazi hiyohiyo ya kuhamisha, ila kimyakimya zaidi.

Wataalamu wa fasihi ya Kiswahili walikwisha kukutana na kikwazo hiki. Walipohitaji istilahi ya mkondo wa fasihi unaochanganya uhalisi na maajabu, kama unavyodhihirika katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, hawakuunda istilahi yenye neno uchawi ndani yake. Walisema uhalisiamazingaombwe, na wengine uhalisiajabu. Istilahi zote mbili zinalikwepa neno lenye shutuma na kuchagua neno lenye mshangao. Uamuzi huo wa wanataaluma unafaa pia kibandani.

Shaaban Robert naye alitumia njia nyingine inayofaa kuigwa. Katika Kusadikika (1951) aliipeleka hadithi katika nchi inayoelea angani, na katika Adili na Nduguze (1952) aliipeleka Ughaibuni. Katika hadithi hii ya pili ndugu za Adili wanageuzwa manyani, lakini anayefanya hivyo ni jini, wala si mchawi wa kijijini. Majina ya mahali yanamwambia msomaji kwamba amevuka mpaka. Akishavuka, hana haja ya kumtafuta mkosaji miongoni mwa majirani zake.

6. Joka na sura zake

Tofauti na mchawi, neno joka halina utata wa kimsamiati. Ni umbo kuzwa la nyoka: nomino imehamishwa hadi ngeli ya LI-YA, na kwa uhamisho huo imepata ukubwa na kitisho. Lugha haikuhitaji kuazima. Dragoni linalosikika vibandani ni neno la ziada tu. Linalohitaji ufafanuzi ni kwamba joka wa Waswahili ana sura zaidi ya moja.

Sura ya kwanza ni joka anayeuawa. Katika ngano za Zanzibar zilizokusanywa na Edward Steere na kuchapishwa mwaka 1870, imo hadithi ya Sultani Darai, ambamo paa anamuua nyoka mwenye vichwa saba ili ampatie bwana wake nyumba na mali. Anayefanya kazi ya shujaa hapa ni mnyama mdogo mwenye akili, si mtu mwenye deraya. Katika mkusanyo huohuo imo hadithi ya Sultani Majinuni, ambamo kijana mdogo wa sultani anamsaka na kumuua Nunda, paka aliyekua akawa mla watu. Kila mara kijana huyo anapoua mnyama, hudhani ndiye, na mama yake humwambia kwamba bado. Ni mpangilio unaofanana sana na ule wa michezo ya leo, ambamo mchezaji huwashinda maadui wadogo kabla ya kumfikia mkubwa.

Sura ya pili ni joka mwenye hekima. Katika hadithi ya Hasibu Karimu Dini na Sultani wa Manyoka, iliyomo pia katika kitabu cha Steere, Sultani wa Manyoka anamkirimu binadamu, anasalitiwa, na bado anampa Hasibu maelekezo yanayomwokoa na hila za waziri. Aliyezoea kuona joka likiuawa atashangaa kwamba hapa anayestahili lawama ni binadamu.

Sura ya tatu ni joka anayeendewa kwa shauri. Wazaramo, ambao ndio wenyeji wa eneo ambalo leo ni Temeke, walishirikiana na Waluguru katika kumheshimu Kolelo, nguvu iliyosadikiwa kuwa na umbo la nyoka mkubwa na kukaa pangoni katika milima ya Uluguru. Watu walimwendea kwa ajili ya mvua na rutuba ya ardhi. Joka huyu hauawi wala hapandwi, huulizwa.

Sura ya nne imeletwa na Biblia. Katika sura ya 12 ya Kitabu cha Ufunuo, tafsiri ya Kiswahili inatumia neno joka kumtaja Shetani. Kwa msomaji Mkristo, basi, mtu anayempanda joka anaweza kueleweka kuwa mshirika wa Shetani, hata kama mtunzi alimkusudia kuwa mtetezi wa wanyonge. Mfasiri hahitaji kuliacha neno kwa sababu hiyo, lakini anahitaji kuonesha mapema katika matini yake ni joka wa sura ipi anayezungumziwa.

7. Shujaa, jagina au farisi

Mpiganaji wa fantasia ni mtu wa cheo: ameapa kiapo, ana bwana wake na ana farasi. Mazingira ya Afrika Mashariki hayakumkuza mtu wa namna hiyo kwa urahisi, kwa sababu ndorobo waliwafanya farasi wasidumu katika sehemu kubwa za bara. Shujaa wa simulizi zetu kwa kawaida huenda kwa miguu. Farasi wa vita waliingia katika Kiswahili kupitia tenzi, kama Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728, unaosimulia vita vya Waislamu na Wabizanti, na Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi, wenye beti zaidi ya 4,000. Pamoja na upanga na farasi, tenzi hizo zilituachia neno farisi, yaani mpanda farasi na mtu hodari. Hivi karibuni, tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili na kuoneshwa na Azam TV zimewarudisha wapiganaji wa farasi katika sebule za Dar es Salaam, na hivyo taswira hiyo si ngeni tena.

Shujaa wa pwani anayekaribia zaidi mpiganaji wa joka ni Fumo Liyongo, ambaye habari zake zilitungwa katika utenzi na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Liyongo hakuweza kudhuriwa isipokuwa kwa chombo cha shaba kitovuni, na mwanawe ndiye aliyemsaliti. Siegfried wa Wajerumani alipata kinga ya namna hiyohiyo kwa kuoga damu ya joka aliyemuua, ila sehemu moja ya mgongo iliyofunikwa na jani. Mashujaa hawa wawili wanafundisha jambo moja: nguvu ipitayo kiasi huacha tundu, na tundu hilo hujulikana na mtu wa karibu. Kwa hiyo mchezaji anayefahamu habari za Liyongo anayo tayari dhana ya shujaa mwenye udhaifu mmoja, hata kabla ya kufika kibandani.

Kuhusu jina, shujaa ni pana mno, kwani humtaja yeyote aliyetenda jambo la kishujaa. Jagina humtaja bingwa anayesifika. Farisi linabeba farasi, silaha na heshima, na kwa hiyo ndilo linalokaribia zaidi. Tahadhari pekee ni kulitofautisha na Farisayo wa Injili.

Inapofika kwenye muungano wa maneno mawili, Kiswahili kinadai usahihi. Farisi wa joka linaweza kumaanisha mtumishi wa joka, mpanda joka au mwenye asili ya joka. Sarufi yetu inatupa njia ya kuondoa utata huo: muuajoka kwa anayeua, mpandajoka kwa anayepanda, na farisi-joka kwa yule anayegeuka kuwa joka mwenyewe. Jina la kigeni linaloficha uhusiano huo linapofasiriwa, mfasiri hulazimika kuisoma kazi yote kabla ya kuamua. Hilo si hasara.

8. Mapendekezo

Kutokana na ufafanuzi uliotolewa, makala inapendekeza kwamba mfasiri au mtunzi ajiulize maswali matatu kabla ya kumpa mhusika jina. Swali la kwanza: nguvu zake zimetoka wapi? Zikiwa zimetokana na mafunzo na elimu, maneno mjuzi na mganga yanafaa. Zikiwa ni za kufanya maajabu kwa maneno na ishara, msihiri linafaa. Zikiwa ni za hila ya macho tu, yeye ni mfanya mazingaombwe. Swali la pili: nia yake ni ipi? Anayedhuru kwa siri ndiye mchawi, na hapo neno hili litumike bila kigugumizi, kwa sababu fantasia nayo ina wachawi wake. Swali la tatu: jamii ya hadithini inamchukuliaje? Anayeombwa shauri na mfalme hawezi kubeba jina la mtu anayefukuzwa kijijini.

Msihiri, linalotokana na sihiri, linapendekezwa kwa madaraja ya michezo, ambamo mhusika mmoja anaweza kuchezwa kwa wema au kwa ubaya. Inafaa kukiri kwamba kwa Mwislamu sihiri ni jambo lililokatazwa, na kwa hiyo neno hili nalo si jeupe kabisa. Hata hivyo, halijafungwa kwenye shutuma dhidi ya jirani. Hakuna kikongwe anayevamiwa usiku kwa kuitwa msihiri. Tofauti hiyo inatosha kulipendelea.

Kwa mfano wa kubuni, sentensi isemayo kwamba mchawi mkuu aliwaita wapiganaji wa joka ili kuulinda mji inamwacha msomaji akijiuliza kwa nini mji ulindwe na adui yake. Ikisemwa kwamba mjuzi mkuu aliwaita wapandajoka waulinde mji, mkanganyiko huondoka, na hakuna neno hata moja lililoazimwa.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limesanifu istilahi za nyanja nyingi. Istilahi za michezo ya kompyuta na fantasia zinastahili kuingizwa katika kazi hiyo, na wasimulizi wa filamu pamoja na vijana wa vibandani washirikishwe, kwa kuwa wao ndio wanaozitumia kila siku.

9. Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba kumwita mjuzi wa fantasia mchawi ni kosa la maana, kosa la utanzu na kosa lenye athari kwa jamii. Ni kosa la maana kwa sababu mchawi wa Kiswahili hana upande mwema. Ni kosa la utanzu kwa sababu neno hilo linaiondoa hadithi katika nchi ya ajabu na kuiweka mtaani. Lina athari kwa jamii kwa sababu neno hilohilo hutumika kuhalalisha mauaji ya watu wasio na hatia. Imeoneshwa vilevile kwamba ngano, tenzi na bunilizi za Kiswahili zina majoka, mashujaa na wajuzi wa kutosha kuipokea fantasia ya kigeni bila kuilazimisha lugha. Kijana wa Kinondoni au Temeke anayetaka kutunga hadithi au mchezo wake mwenyewe hahitaji kuanzia ugenini. Anaye Nunda wa kumsaka, Sultani wa Manyoka wa kumsikiliza na Liyongo wa kumwonya. Kilichobaki ni kuwapa majina yanayowastahili.